Baba wa Mayai ya Bibi

Januari 11

Daftari jipya. La mwaka jana lilijaa uzito wa mijusi na matusi ya kumtukana Bosi. Katika hili nitajaribu kupunguza matusi.

Kwa atakayelisoma nikishakufa (yaani Mama, ambaye hatasubiri nife): mimi ni fundi miwani. Asubuhi nachonga lenzi karakanani, alasiri narudi kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yetu, wanakoishi mijusi chui wangu sita, wale wa kufugwa wenye madoadoa kama ya chui. Kila mmoja ana sanduku lake, mkeka wake wa joto na kadi yake. Kadi inaandikwa mama ni nani, baba ni nani, siku wazazi walipokutanishwa, magonjwa, na chini kabisa jina la mtu aliyewakutanisha. Nisichokijua, nafasi yake naiacha tupu. Sijazi kwa kubahatisha. Watu wananicheka kwa hilo, na wacha wacheke.

Bosi ni kaka yangu. Hana mfanyakazi hata mmoja, lakini tangu afungue duka la wanyama hapo mbele ya nyumba, samaki na ndege na chakula cha paka, haitiki mpaka aitwe hivyo.

Januari 19

Bosi amerudi kutoka kwenye maonyesho ya wanyama akiwa na dume. Nitasema kweli: nilipofungua boksi nilisahau kupumua. Manjano ya ndimu mbivu toka kichwa hadi kiuno, mkia mweupe, macho ya rangi ya fedha. Miaka yote niliyofuga sijamwona mjusi mzuri kama huyu.

Kisha nikauliza maswali yangu.

"Wazazi wake?"

"Wazuri kama yeye."

"Umewaona?"

"Muuzaji kanionyesha picha ya baba."

"Na mama?"

"Alikufa. Joto lilizidi."

"Na babu zake?"

"Wee, hivi mimi nimenunua mjusi au nimeleta posa?"

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Muuzaji mwenyewe Bosi hamjui jina, anakumbuka tu kwamba alivaa kofia pana ndani ya ukumbi. Basi na aitwe Bwana Kofia. Na mjusi ni Ndimu.

Januari 20

Kadi ya Ndimu: kila mstari mtupu. Ndugu yangu kauziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe linapendeza.

Februari 2

Mvua tangu asubuhi. Nimechukua kopo la vifungo la Mama nikamketisha Bosi mezani.

Nikamwambia: kila mtoto anapata kifungo kimoja kwa baba na kimoja kwa mama. Kuna rangi zinazojificha, haziji mpaka vifungo vyote viwili vifanane, ndiyo maana mijusi wawili wa kawaida wanaweza kumzaa albino na watu wakaanza kumsingizia jirani. Na kuna rangi zisizojua kujificha, kifungo kimoja tu kinatosha. Rangi ya Ndimu ni ya aina hii ya pili. Akipandishwa na jike yeyote, karibu nusu ya watoto watakuwa wa ndimu.

"Nusu!" Bosi akapiga makofi. "Si ndiyo raha hiyo?"

"Subiri. Wengi wa rangi hii huota uvimbe kwenye ngozi, na uvimbe huo huingia mpaka ndani. Rangi na uvimbe vinatoka kwenye kifungo kilekile. Huwezi kumwambia mtoto achukue kimoja aache kingine."

"Umesema wengi. Hukusema wote."

"Kwa hiyo tusubiri. Kila Ijumaa nitamkagua tumbo. Nitawatafuta ndugu zake nijue wamefikisha miaka mingapi. Mpaka hapo hapandi mtu."

Bosi akachezea kifungo chekundu. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba tayari ameshabandika picha ya Ndimu kwenye kioo cha duka, na chini yake ameandika WATOTO WANAKUJA.

"Watoto wa nani?" nikamuuliza.

Nikaenda nikaibandua.

Februari 3

Ameibandika tena.

Februari 8

Leo nimemkutanisha Bibi na Kijivu. Bibi ndiye mjusi wangu wa kwanza, nilimchukua akiwa na urefu wa kidole mwezi nilioanza kazi ya miwani. Ana miaka tisa sasa, na huu ni msimu wake wa mwisho wa kutaga. Baada ya hapo ni kula funza na kulala, apumzike. Kwa hiyo nimemchagulia Kijivu, ambaye ana rangi ileile mjusi aliyoumbiwa na Mungu, bila pambo, lakini ukoo wake naujua mpaka kizazi cha nne na hakuna aliyeumwa.

Bosi alichungulia juu ya bega langu. "Huyu hata inzi hageuki kumtazama."

"Hajaombwa atazamwe."

Mama naye hakuachwa nyuma: "Wenzako wanaandika majina ya wajukuu, wewe unaandika ya mijusi." Nikamjibu kwamba mijusi angalau hawaniulizi nitaolewa lini.

Februari 13

Mvua. Bibi anakula vizuri.

Februari 17

Mvua. Picha bado ipo dukani. Watu wanne wameandikisha majina yao ili wauziwe watoto ambao hawapo.

Februari 25

Nimeahidi kupunguza matusi, kwa hiyo nimezunguka nyumba mara tatu kabla ya kushika kalamu.

Dume akimpanda jike humng'ata shingoni. Alama za Kijivu zilishapona, niliziandika siku zilipopona. Leo Bibi ana alama mpya, mbili mbichi, na mfuniko wa sanduku lake umefungwa kinyume. Kwenye sanduku la Ndimu bakuli la maji limehama.

Nilikwenda dukani moja kwa moja, nikamkuta Bosi anawamwagia samaki chakula.

"Umemweka Ndimu kwa Bibi."

"Mimi?"

"Hapana, samaki."

"Labda alitoroka."

"Akatoroka, akafungua sanduku la Bibi, akamaliza haja yake, akarudi kwake, akafunga mifuniko yote miwili?"

"Mijusi wana akili sana," akasema, na hakuthubutu kunitazama.

Nikamuuliza Mama. Mama akatazama dari. "Mimi nilikuwa nimelala," akasema, naye halali mchana tangu nimjue.

Ili iandikwe mahali: jike wa mjusi huyu huhifadhi mbegu za dume ndani ya mwili wake kwa miezi. Mbegu hazipangi foleni. Hakuna anayeweza kusema Kijivu alitangulia basi mayai ni yake. Kila yai ambalo Bibi atataga msimu huu, wa mwisho wake, linaweza kuwa la Kijivu au la Ndimu, na mtu pekee anayejua lilivyotokea jambo lenyewe ni kaka yangu, naye anasema mijusi wana akili.

Nimeweka kufuli mlangoni.

Machi 1

Mama amesema kufuli ndani ya nyumba ni kuaibishana. Nimemwambia aibu ilitangulia, kufuli limefuata.

Machi 13

Bibi ametaga. Mawili. Moja ni la manjano na limebonyea, tupu. La pili ni jeupe, zito, na nilipolimulika kwa tochi niliona mishipa miekundu myembamba. Nimelitia alama ya penseli upande wa juu, maana yai la mjusi likigeuzwa kitoto hufa, nikalilaza kwenye kiangulio nilichokitengeneza kwa boksi kuukuu la kubebea samaki.

Lakini kabla ya hapo nililishika mkononi mbele ya friji, muda mrefu.

Wafugaji wenye msimamo wangeligandisha siku hiyohiyo, kabla hakijaumbika kitu. Siwalaumu. Kama baba ni Ndimu, mtoto ana nusu ya nafasi ya kuzaliwa na kifungo kile. Kama baba ni Kijivu, nitakuwa nimemuua mtoto wa mwisho wa Bibi kwa kosa la mtu mwingine. Bosi alisimama mlangoni akasema, "Usithubutu, lile lina mwenyewe tayari." Yaani mteja wa kwanza kwenye orodha yake.

Hapo ndipo nilipoamua, kwa hasira, na nilipotulia nikaona uamuzi bado ni uleule. Yai litaanguliwa. Mtoto hatauzwa. Hakuna atakayetoka kwenye chumba hiki mpaka nimjue ni nani, na mwenye kifungo cha ndimu atakaa hapa, nitamlisha mpaka siku yake, na hatazaa. Wenye msimamo watasema nina moyo mlaini, na Bosi anasema nina roho mbaya. Nimewakatalia wote, ng'o!

Kadi ya yai: Mama, Bibi. Baba, tupu. Siku, tupu. Aliyewakutanisha, tupu.

Nimeiacha mezani Bosi anapopita kila siku.

Machi 22

Kadi ipo palepale. Amepita mara sita.

Aprili 3

Mayai mawili mengine, yote mazima. Sasa ni matatu. Bibi amekonda mkia, nampa funza na unga wa kalsiamu.

Aprili 17

Ijumaa. Siku ya kukagua tumbo la Ndimu.

Mimi huvaa lenzi ya kazini, ile ya kukuzia, inayobana jichoni. Kwa wiki kumi sikuona kitu. Leo karibu na mguu wa nyuma kuna vidoa vitatu vyeupe chini ya ngozi. Nilivigusa. Vigumu. Nikasafisha lenzi, nikatazama tena, nikahesabu vitano.

Nilitegemea nitafurahi. Miezi mitatu nimekuwa nikisubiri kumwambia mtu "si nilikwambia?" Badala yake nilikaa sakafuni na mjusi kiganjani, ananilamba kidole gumba, na nikalia.

Nilimwita Bosi. Nilimpa lenzi tu. Alitazama muda mrefu mno.

"Ni vipele tu," akasema.

"Gusa."

Akagusa. Kisha akafanya jambo ambalo sikulijua: alimchukua Ndimu, akamweka ndani ya shati lake, kifuani, kama mtu aliyezoea, na Ndimu akajikunja hapo kama aliyezoea pia. Kumbe kabla ya kufuli alikuwa akimbeba hivyo dukani. Kumbe kwa siku zile zote za kufuli alikuwa akija kuniuliza, "Wale wako wamekula?" na mimi nikidhani anataka mayai.

"Tumpeleke kwa daktari," akasema. "Sasa hivi. Duka nafunga."

Daktari wa mifugo amezoea ng'ombe na paka. "Wewe ni wa kwanza kuniletea mjusi kwa hiari yako," alimwambia Bosi. Lakini mikono yake ilikuwa mipole. Alichukua kipande kidogo cha kutazamwa kwenye hadubini.

Aprili 24

Ndio wenyewe. Uvimbe wa ngozi, na Daktari anadhani umeanza kwenda ndani. Hautibiki. Akila na kutembea vizuri tumwache aishi. Akianza kuteseka, Daktari atampumzisha.

Tulirudi kwa miguu kwenye manyunyu, Ndimu ndani ya shati. Nilidhani kaka yangu atalisema lile neno, kwamba ni yeye aliyemweka Ndimu kwa Bibi. Alisema, "Mvua hii haiishi."

Tulipofika, aliingia dukani akaibandua picha. Aliikunja vizuri mara nne, akaiweka mfukoni. Kisha akawapigia simu watu wanne, mmoja mmoja, akawaambia watoto hawaji. Hakusema kwa nini.

Mama alinong'ona: "Muache sasa. Maji yakimwagika hayazoleki."

Nikamwambia: "Sitaki yazolewe. Nataka mtu aseme nani kamwaga."

Aprili 25

Kufuli nimelitoa. Kadi nimeiacha.

Mei 12

Yai la kwanza limepasuka saa nne asubuhi, Mama ndiye aliyeona, akapiga kelele mpaka mtaa wa pili. Mtoto wa kawaida, mistari myeusi na manjano, mkali, kanifokea kwa mdomo wazi. Hana dalili ya ndimu. Huyu hana kile kifungo, kwa sababu kifungo kile hakijui kujificha. Lakini vinavyojificha sivijui, na baba simjui, kwa hiyo nimeandika: asizalishwe.

Mama amekaa naye saa nzima. "Ana macho ya Bibi," akasema. Nikamuuliza wale wanaoandika majina ya wajukuu wanasemaje. Akanifinya.

Mei 31

Mengine mawili yamepasuka leo. Wa kwanza wa kawaida.

Wa pili ni ndimu. Alipotoa kichwa nilijua, macho ya fedha. Mzuri kuliko baba yake. Basi baba mmoja amejulikana.

Bosi aliingia, akamwona, akatoka. Nilimsikia dukani anapanga makopo ambayo yalikuwa yamepangwa.

Juni 5

Katoto kale kamekula nyenje wa kwanza. Ndimu hajala siku mbili.

Juni 14

Maonyesho ya wanyama yamerudi kwenye ukumbi uleule. Daktari aliniruhusu kumbeba Ndimu kwa muda mfupi, boksi likiwa na joto. Nilipotoka mlangoni nilimkuta Bosi kavaa viatu vya kutokea. "Boksi nabeba mimi," akasema.

Bwana Kofia alikuwepo, na kofia yake. Mezani mwake kulikuwa na vikopo kumi na viwili, na katika kila kikopo katoto ka ndimu. Watu walikuwa wamejazana.

"Kizuri chajiuza, mama," aliniambia. "Chagua."

"Sinunui," nikasema. "Wala siuzi. Nimekuja kuwakopesha watu macho."

Nikaweka boksi letu kwenye ukingo wa meza yake, nikamtoa Ndimu, nikamgeuza taratibu kiganjani tumbo juu, nikampa lenzi yangu mwanamke aliyekuwa karibu, aliyekuwa ameshika kikopo tayari. Aliinama. Akarudisha kikopo mezani. Akampa lenzi aliyemfuata. Ilipita mikono mingi, na maswali yakaanza.

"Unaniharibia kazi!" Bwana Kofia akaja juu. "Una ushahidi gani mjusi huyo ametoka kwangu?"

"Nilimchukua mimi," Bosi akasema. "Kwenye meza hii. Januari. Ukaniambia mama yake kafa kwa joto. Haya, waambie hawa, babu zake wako wapi? Kuna hata mmoja aliyefikisha miaka mitano?"

Mtu akacheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye. Bwana Kofia aligeuza maneno:

"Mnajifanya watakatifu. Wateja wana midomo, nasikia na nyinyi mna katoto ka ndimu nyumbani. Haya, hako kamezalishwa na nani?"

Nilimtazama kaka yangu. Watu wote walimtazama. Aliangalia viatu vyake.

"Kamezalishwa kwetu," nikasema mimi, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Ni kosa la nyumba yetu, na hakauzwi. Wewe wako kumi na wawili ni kosa la nani?"

Walinzi walitutoa nje kwa adabu. Nyuma yetu kulikuwa na watu wanarudisha vikopo, si wote, labda nusu. Mmoja aliondoka nacho akikikumbatia, na sikuwa na la kumfanya.

Njiani Bosi alibeba boksi. Nilikuwa nimemfichia aibu yake mbele ya ukumbi mzima, na iliniuma kuliko kufukuzwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii mfichaji nilikuwa mimi.

Juni 23

Daktari amempumzisha Ndimu leo, kifuani mwa Bosi, ndani ya shati. Tumemzika nyuma ya nyumba, penye udongo mlaini. Mama aliomba dua fupi, mtu ambaye Januari alikuwa hataki kugusa boksi.

Jua limetoka wiki nzima. Mvua imekwisha.

Juni 26

Daktari ameomba mmoja wa wale wawili wa kawaida, wa kufuga tu. Ahadi yangu ya Machi nimeilegeza, maana huyu kile kifungo hana na hatazalishwa: nimempa pamoja na kadi yenye nafasi tupu. Ameisoma yote, akauliza, "Hujui baba?" Nikasema sijui. Akasema wateja wake wengi hawajui hata umri wa ng'ombe.

Juni 29

Nimeandika kadi ya yule wa ndimu. Mama: Bibi. Baba: Ndimu. Ugonjwa: utakuja, tunausubiri. Asizalishwe. Siku ya kukutanishwa wazazi, tupu. Aliyewakutanisha, tupu. Niliiacha mezani kwa mazoea tu, nikaenda kazini. Nilishakata tamaa, niseme ukweli.

Nimerudi alasiri, nikakuta imeandikwa. Mwandiko wa Bosi, ule mkubwa wa kuandikia vibao vya duka, umejibana kwenye vile vimistari viwili mpaka umepanda pembeni:

*Februari 20, saa nane mchana. Februari 21, saa nane. Februari 24, saa saba na nusu. Niliyemweka ni mimi, kaka wa mwenye Bibi. Mama alinishikia mfuniko.*

Mara tatu! Na Mama! Nimevua ndala nikawafuata wote wawili mpaka dukani, samaki wameshuhudia. Lakini kadi nimeiacha mezani wino ukauke, kwa sababu haina tena nafasi tupu, na kila kilichomo ni kweli.